Masahihisho ya Ukurasa wa Tisa

Nakala arobaini za kijitabu changu zilifika Jumanne asubuhi ndani ya katoni iliyowahi kubeba mafuta ya kupikia, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeshasoma nakala sita, neno kwa neno, ingawa zote zilitoka kwenye mashine moja na zilisema kitu kimoja. Najua hiyo si tabia ya mtu aliyetulia. Nimekuwa hivi tangu shule ya msingi. Nikiandika barua ya mistari mitano naisoma mara kumi, na nikishaituma naisoma tena, kutafuta kosa ambalo siwezi tena kulirekebisha.

Hata kusema "kijitabu changu" ni kujipa sifa. Kilikuwa na kurasa ishirini na nne, kimepigwa pini mbili mgongoni, na ndani yake kulikuwa na historia ya kituo kimoja cha televisheni cha mkoani huko Japani. Historia ilikuwa ya watu wengine. Mimi niliitoa tu kwenye Kijapani nikaileta kwenye Kiswahili, na kazi hiyo ilinichukua miezi minane.

Kituo chetu kiko Otonglo, nje kidogo ya Kisumu, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ni kidogo. Tukirekodi mahojiano inabidi mtu ateremke chini awaombe wasikate mabati kwa dakika ishirini. Kazi yangu ni kuandika maneno yanayopita chini kwenye kioo cha televisheni: majina ya wanaozungumza, bei za samaki, matangazo ya vikao vya maji. Ni kazi inayomfaa mtu mwenye wasiwasi, kwa sababu kosa lake linaonekana na wilaya nzima kwa sekunde nne kisha linapotea.

Miaka miwili iliyopita alikuja Mzee. Alikuwa fundi mitambo mstaafu wa kile kituo cha Japani, na alijitolea kuja kuwafundisha mafundi wetu baada ya wenzake wa zamani kutuletea mashine ya kuchanganyia picha waliyokuwa wameacha kuitumia. Alipanga nyumba Kisian, si mbali na kituo, akanunua kofia ya majani, na akazungumza Kiswahili safi kuliko sisi sote, kwa kuwa alifundishwa na mwalimu wa pwani. Alikuwa akisema "naomba radhi" na "laiti ningalijua." Jamaa wetu wa kamera, ambaye Kiswahili chake kimeelea katikati ya Kijaluo na Kiingereza, alimwigiza mchana kutwa.

"Huyu jaduong' akikuambia amechelewa," alisema, akitumia neno la Kijaluo la mzee, "unaskia kama ni taarifa ya habari ya saa moja."

Mzee alikuja na kitabu kimoja kinene chenye jalada gumu la bluu. Huko kwao, alitueleza, kampuni ikikaa miaka ya kutosha huandika historia yake yote, kuanzia kikao cha kwanza hadi nyaya za mwisho, na kila mfanyakazi hupewa nakala. Meneja wetu, mama aliyekuwa mwalimu kabla hajaingia kwenye utangazaji, alikipima kwa mikono miwili na kuuliza nani angeweza kukisoma. Nikainua mkono.

Hapa ndipo penye aibu yangu ya kwanza. Nilikuwa nimejifunza Kijapani kwa simu. Miaka minne, peke yangu, kwa masomo ya bure, nikiandika herufi nyuma ya karatasi za matangazo ya zamani. Sikuwahi kukaa mbele ya mwalimu. Meneja aliposema, "Kumbe ulisomea Kijapani," nikajibu, "Kidogo," na nikaacha hilo neno "ulisomea" lisimame hapo hapo alipolisimamisha. Miezi minane baadaye lilikuwa limechapishwa ndani ya jalada: Imetafsiriwa na mtaalamu wetu wa Kijapani.

Lakini sitaki kusema uongo kuhusu ile miezi. Ilikuwa miezi mizuri. Niliipenda historia ile kuliko nilivyotarajia. Kituo kilianzishwa na gazeti la mkoa pamoja na wafanyabiashara wa mji, wakati ambapo mkoa mzima ulikuwa na kituo kimoja tu kikubwa. Jengo lao la kwanza lilikuwa kando ya mto, na mafuriko yalipokuja walibeba kamera kichwani. Vipindi vingi walivipokea kutoka Tokyo, kama sisi tunavyovitoa Nairobi, lakini habari za jioni zilikuwa zao, na mapishi ya mchana yalikuwa yao, na utabiri wa theluji ulikuwa wao, kwa sababu Tokyo haikujua ni bonde gani lingefungwa kesho.

Sura niliyoipenda zaidi ilikuwa ya mitambo. Mkoa ule ni milima mitupu, na picha haipiti mlimani. Kwa hiyo walijenga minara midogo, mmoja ukiurushia mwingine picha, bonde baada ya bonde, kwa miaka mingi, hata kwenye bonde lenye nyumba thelathini na moja. Kitabu kiliorodhesha kila mnara na idadi ya nyumba zake. Hakuna mahali kilipoeleza kama ilifaa au haikufaa. Kiliandika tu nyumba. Bibi yangu anakaa nyuma ya kilima, mbele ya Kisian, na kwa maisha yangu yote picha kwake imekuwa na chenga, na siku hizi za dekoda inaganda vipande vipande katikati ya mahubiri. Nilipotafsiri orodha ile nilimwona bibi yangu akihesabiwa.

Sasa ukurasa wa tisa. Sura ile ya mitambo ilikuwa na ratiba ya siku moja ya kawaida, ili fundi ajue lini awashe na lini azime. Kila kitu kilikuwa wazi hadi mstari wa mwisho, uliosema kwamba filamu fupi ya kufunga matangazo ilirushwa saa ishirini na tano na dakika kumi.

Siku haina saa ishirini na tano. Niliutazama mstari ule kwa furaha ambayo sasa naionea haya. Mimi, wa simu, nilikuwa nimekamata kosa kwenye kitabu cha Wajapani. Kwa maandishi yao, ukiondoa alama moja ndogo mwanzoni, yenye mistari miwili tu, ishirini na tano inakuwa kumi na tano. Kosa la mchapaji, nikasema. Saa kumi na tano na dakika kumi, yaani kwetu saa tisa na dakika kumi alasiri. Nikauondoa mstari ule mwishoni nikaupandisha mahali nilipodhani ni pake, baada ya kipindi cha watoto.

Na kwa kuwa ilionekana ajabu kituo kufunga alasiri kisha kurudi na habari za jioni, nikaongeza sentensi moja ya kulainisha. Niliandika: "Kisha mitambo ilipumzika kidogo, na watu wakaenda kutazama mashamba yao ya mpunga." Sentensi hiyo haikuwa kwenye kitabu. Niliitunga mwenyewe, nikiwa nimekaa dirishani, sauti ya mabati ikinijia kutoka chini.

Kila mtu aliipenda. Meneja aliipigia mstari kwa kalamu na kusema angeisoma Jumamosi, siku ya kumuaga Mzee. Jamaa wa kamera alisema ikiwa Wajapani wanapumzika alasiri basi na sisi tupewe hiyo ruhusa. Nilijisikia kama mwandishi.

Alhamisi sikuweza kungoja. Mzee alikuwa amekuja kuangalia nyaya za chumba cha kurushia, na wakati wa chai nikampa nakala yake, siku mbili kabla ya wakati. Nilitaka sifa, basi. Akavua miwani, akavaa nyingine, akaanza kusoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kwenye mafuriko alicheka. Kwenye minara aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Kwenye ukurasa wa tisa kidole kikasimama.

"Nisaidie hapa," alisema. "Tulifunga matangazo saa tisa alasiri?"

Ningeweza kusema kweli wakati ule. Ilikuwa rahisi kabisa, sote wawili tumeshika vikombe.

"Ndivyo kitabu kinavyosema, Mzee," nikajibu.

Akausoma tena. Akasoma na sentensi ya mpunga.

"Ajabu," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikizima mtambo. Nakumbuka giza. Nakumbuka barabara haina gari hata moja, na mimi natembea kwenda nyumbani, na mbwa wa jirani hata habweki kwa kunizoea. Na sura hii niliisahihisha mimi mwenyewe kabla haijachapishwa. Niliisoma mara tatu."

Akaweka kikombe chini, akajigusa paji la uso kwa kidole kimoja.

"Mke wangu anasema nimeanza kusahau. Kila tukizungumza kwa simu ananiuliza nimekula nini jana, ananipima. Nami hukasirika. Mwezi uliopita niliacha jiko la gesi likiwaka nikaenda sokoni." Akatabasamu, lakini si kwangu. "Labda ana haki. Mashamba ya mpunga siyakumbuki hata kidogo."

Akatoa kidaftari chake na kuandika ndani yake. Niliweza kusoma: saa tisa alasiri, na alama ya kuuliza.

Nilisema nina kazi, nikaingia chooni na simu. Haikuchukua hata dakika tano kupata jibu nililopaswa kulitafuta miezi mingi nyuma. Watu wa televisheni huko kwao hawaikati siku saa sita za usiku. Siku ya matangazo inaendelea hadi kituo kifunge, kwa hiyo saa saba za usiku zinaitwa ishirini na tano, saa nane ishirini na sita, ili kipindi cha Jumatatu kibaki cha Jumatatu hata kama kimepita usiku wa manane. Haikuwa siri. Kila ratiba iliandikwa hivyo.

Nilikaa pale juu ya kifuniko nikiwaza kwamba mtu wa lugha nyingine angesamehewa, lakini si mimi. Mimi ambaye saa yangu ya kwanza inaanza jua likishatoka. Ambaye usiku wa manane kwake ni saa sita tu, katikati ya safari, haianzishi wala haimalizi kitu. Kama kuna watu duniani ambao wangeelewa bila kuelezwa kwamba siku haigeuki gizani, ni sisi. Nami ndiye niliyeiita kosa la mchapaji.

Basi nilijua, na bado sikusema. Niendelee kuungama, kwa kuwa nimeanza. Alhamisi nzima nilipanga namna ya kuokoka. Ningesema mchapishaji wa mjini aliruka mstari. Ningesema kitabu kina kurasa mbili zinazopingana. Kitabu kilikuwa kwangu, na Mzee alikuwa akiondoka Jumatatu. Nikinyamaza siku tatu, yote yangeisha, na angeenda kwao akiamini kwamba kichwa chake kinamwacha. Hapo ndipo mpango wangu ulikuwa ukikwama kila mara. Nilikuwa najaribu kuweka vitu viwili kwenye mizani, jina langu la mtaalamu na akili ya mzee wa watu, na nilichoona haya zaidi ni kwamba nilikuwa napima.

Ijumaa asubuhi nilikwenda Kisian na kitabu kinene kwenye begi. Mzee alikuwa nje ya nyumba yake, amepanga nyaya juu ya mkeka kwa urefu wake, kila moja na kikaratasi cha jina, za kutuachia. Hata salamu sikumaliza vizuri.

"Mzee, ukurasa wa tisa. Ni mimi."

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, haraka, kama mtu anayesoma matangazo ya vifo. Ishirini na tano. Alama ya mistari miwili. Mstari niliouhamisha. Mpunga. Halafu, kwa sababu nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikamwambia na habari ya simu, kwamba hakuna mahali niliposomea, kwamba yeye ndiye Mjapani wa kwanza niliyewahi kuzungumza naye.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, au kwa ile adabu yao ambayo ingekuwa mbaya kuliko hasira.

"Kitabu kimeandika ishirini na tano?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Nionyeshe."

Nikakifungua. Akaweka kidole kwenye mstari, akausoma kwa Kijapani, kwa sauti, kisha akakaa kwenye mkeka katikati ya nyaya zake akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Basi kichwa changu ni kizima," alisema. "Ngoja. Ngoja nimwambie mke wangu."

Na kweli akachukua simu akamwandikia hapo hapo. Alipomaliza akafuta miwani.

"Sasa hao watu walioenda mashambani. Ni akina nani?"

"Hakuna, Mzee. Nilibuni."

"Sentensi ni nzuri."

"Asante."

"Ifute."

Nilipokuwa nafunga kitabu, karatasi nyembamba ikadondoka. Ilikuwa imo ndani tangu siku nilipokipokea, haikushonwa, ndefu kama kiganja, na kwa miezi minane niliitumia kuweka alama nilipofika. Nilidhani ni tangazo la duka la vitabu. Sikuwahi kuisoma. Mimi, ninayesoma nakala sita za kitu kimoja.

Mzee akaiokota kwa vidole viwili.

"Hii hukuitafsiri," alisema.

"Ni nini?"

"Ni masahihisho. Kitabu kikishachapishwa makosa huonekana. Hatuchomi kitabu. Tunachapisha karatasi, tunaiingiza ndani, kila nakala. Ukurasa fulani, mstari fulani, palipoandikwa hivi pasomwe vile. Hapa yapo matatu." Akagonga la katikati. "Hili ni langu."

Alikuwa amebadilisha mabonde mawili. Nyumba za mnara mmoja aliziandika kwenye mnara mwingine, na watu wa bonde moja wakaandika barua kwamba wao ni thelathini na moja, si kumi na nane. Mkubwa wake hakumfokea. Alimwambia aiandike karatasi ya masahihisho kwa mkono wake mwenyewe, kisha azipeleke nakala bondeni, nyumba kwa nyumba, zote thelathini na moja.

"Theluji ilikuwa hapa," alisema akionyesha goti. "Kila nyumba walinipa chai. Sijawahi kunywa chai namna ile." Akairudisha ile karatasi kitabuni, mahali pake. "Nyumba zako ni arobaini tu, na zote ziko ndani ya katoni. Una bahati."

Niliandika ile karatasi mkekani kwake. Nilianza na la kwanza: "Ukurasa wa tisa. Palipoandikwa kwamba matangazo yalifungwa saa tisa na dakika kumi alasiri, pasomwe saa saba na dakika kumi, usiku ule ule. Sentensi inayofuata ifutwe. Haikuwa kwenye kitabu." Mzee aliuliza kwa nini "usiku ule ule." Nikamweleza kwamba kwetu saa saba za usiku bado ni usiku ule ule ulioanza jua lilipotua, hakuna anayesema ni kesho mpaka kupambazuke.

"Basi nyinyi ni watu wa televisheni tangu zamani," alisema, na akaandika hilo kwenye kidaftari, mahali pa ile alama ya kuuliza.

La pili sikumwonyesha kwanza. Niliandika: "Ndani ya jalada. Palipoandikwa mtaalamu wetu wa Kijapani, pasomwe mfanyakazi wetu anayejifunza Kijapani."

Mama wa uchapishaji mjini, mtu wa Nyeri aliyekaa Kisumu miaka mingi hadi anakemea wateja kwa Kijaluo, alinitazama nilipotandaza karatasi yangu kwenye kaunta.

"Aki wewe. Si ulisoma hiyo kitu mara mia hapa mbele yangu?"

"Nilisoma, Mama."

"Na ukaona nini?"

"Nilichoandika."

Akaguna. Karatasi nyeupe zilikuwa zimemwishia, akachapisha kwenye za kijani zilizobaki za programu ya harusi, na kuzikata kwa ile mashine yake ya mkono huku akiwapigia kelele wateja wawili wengine.

Jumamosi tuliweka viti kwenye studio na kuwaomba wa chini wasikate mabati. Meneja alikuwa na nakala yake mkononi, kidole kwenye ukurasa wa tisa. Nikamfuata kabla hajaanza, nikampa karatasi ya kijani, nikangoja. Alisoma la kwanza, akanitazama. Akasoma la pili, akanitazama zaidi, kwa lile jicho la mwalimu anayejua nani ameficha chaki. Kisha akasimama mbele ya watu na kuisoma ile karatasi kwa sauti, yote, badala ya mpunga.

Jamaa wa kamera akanyoosha shingo nyuma ya mashine yake.

"Omera, ndugu yangu, hiyo ya pili si habari," alisema. "Kila lunch uko kwa kona unaongea na simu, simu inakujibu 'jaribu tena.' Sisi tulidhani ni mambo ya ndoa."

Walicheka, na Meneja alicheka, na mimi nikacheka nao. Baadaye, tukiwa tunagawa soda, Meneja alinisogelea akaniambia kwamba miaka yake ya ualimu hakuwahi kuona mtu akijishusha cheo kwa maandishi, na kwamba Jumatatu nianze kutafsiri sura ya habari za jioni.

Mzee aliingiza karatasi ya kijani kwenye nakala yake. Akaniomba nyingine. Nikadhani ni ya rafiki, lakini akafungua kile kitabu kinene cha bluu nilichokuwa nimemrudishia, akatafuta ile karatasi nyembamba nyeupe ya zamani, na akaiweka ya kijani nyuma yake, zikalingana juu.

"Matatu yetu, mawili yako," alisema. "Matano."

Yangu ilikuwa imekatwa mshazari upande wa kulia, inatokeza kidogo kwenye ukingo wa kitabu. Niliona, nikaiacha hivyo. Mzee akafunga jalada, nami nikaenda kuchukua soda.